Mtu wa Mwikwabe

Itiryo,
9 Februari 2025

Kaka Elia,

Usianze kukunja uso. Najua ulisema nisikuandikie mambo ya vitabu, lakini simu mmenyang'anywa, sasa nikuambie kwa njia gani, nipige filimbi isikike mpaka Machochwe? Filemoni anakuja huko na pikipiki yake kuleta dawa za mifugo. Nimemwambia barua akupe mkononi, asimpe mwingine hata kama anaapa.

Hapa wote wazima. Mama mdogo analalamika mgongo. Baba ni wa kukaa tu kwenye kigogo pale zizini, anaangalia samadi inavyokauka. Wezi walichukua ng'ombe wengi, na wale waliobaki tukawapeleka kwa Mzee Mwikwabe walindwe, nawe ukapelekwa pamoja nao kama ndama wa nyongeza. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila nyumba inayoweka ng'ombe kwake inatoa na kijana. Kwetu kijana ni wewe.

Sasa sikia. Mwikwabe ndiye aliyetuibia.

Usirushe barua! Fikiri kwanza. Zamani alikuwa na zizi moja. Leo ana mazizi hapa, ana huko mliko, ana taa za sola na mbwa wakubwa kama ndama. Kila nyumba inayoibiwa inaishia kwake. Anayefaidika na wizi ni nani? Mimi nimeshaona.

Na kuna lingine. Juzi alimwambia baba kwamba mabonde yote ya malisho yawekwe chini ya mtu mmoja, ili akisema amesema. Huyo mtu mmoja ni nani, unadhani? Siyo mimi. Na katika mabonde hayo lipo na letu, lile la nyumba ya mama. Akilichukua hilo, sisi tutabaki na nini? Na mawe?

Madam Honoratha, yule mwalimu wa kutoka Bukoba, ameniazima kitabu cha historia kwa ajili ya ule mtihani wangu wa kujitegemea. Kuna mlango mzima kuhusu ukabaila wa Ulaya, jinsi ulivyoanza. Kiingereza chake kigumu kama mfupa, naenda na kamusi neno kwa neno, bado sijafika mbali. Lakini kuna picha ya mtu juu ya farasi, amevaa chuma mpaka puani. Mpe kofia ya Mwikwabe, ndiye yeye kabisa.

Jibu haraka. Filemoni anarudi Jumatano.

Mdogo wako,
Mokami Heche


Machochwe,
12 Februari 2025

Mokami,

Barua nimeipata. Nimeisoma nyuma ya josho, halafu nimeichoma. Usirudie kuandika hilo neno juu ya Mzee.

Nikuambie kitu ambacho mama hajui, na asijue. Wiki mbili zilizopita wezi walikuja hapa. Siyo wa kwenye kitabu. Wa kweli, na pinde. Mmoja alinikata mkono wa kushoto kwa panga. Tuliwakamata wawili, na unajua walikutwa na nini huko walikojificha? Yule dume wetu mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, ngozi yake. Wao ndio waliotuibia. Mimi mwenyewe niliishika ile ngozi. Kwa hiyo upelelezi wako umeishia hapo.

Mzee alikuja siku hiyo hiyo kutoka Itiryo. Alinipeleka mwenyewe kushonwa, akakaa nje kwenye benchi mpaka nesi akamaliza. Baba angefanya hivyo? Baba angeniambia nipake majivu.

Halafu alituita vijana wote mbele ya wazee. Tulienda mmoja mmoja. Unapiga magoti, unaunganisha viganja, yeye anaviweka katikati ya viganja vyake, anasema: "Kuanzia leo wewe ni mtu wangu. Adui yako ni adui yangu." Nawe unajibu: "Mimi ni mtu wako." Raphael alilia. Mimi sikulia, lakini kidogo tu.

Mokami, tangu wezi wale nilikuwa nalala na kiatu. Sasa nalala vizuri. Wewe soma, faulu mtihani, mambo ya zizi tuachie.

Tembo waliingia kwenye mahindi ya watu hapa, wamekanyaga kila kitu. Ndiyo habari nyingine.

Kaka yako,
Elia


Itiryo,
23 Februari 2025

Kaka Elia,

Pole na mkono! Pole sana! Mama sijamwambia, lakini nimekasirika, ungekufa je, tungeambiwa na Filemoni kama habari ya bei ya dawa?

Na nimekosa. Nakubali. Mwikwabe siyo mwizi. Nilimtukana bure na nimejisikia mjinga siku nzima. Siku moja lakini, kwa sababu siku ya pili yake nimefika pale kitabu kinapoeleza ukabaila ulianzaje, Elia. Kaa chini. Kama umesimama kaa.

Mimi nilidhani kabaila alikuja na upanga akasema toka. Sivyo! Au siyo mara zote. Karne ya tisa huko, wezi walikuwepo kweli. Watu wa kaskazini walikuja na mitumbwi mirefu, wanapanda mito, wanachoma, wanabeba. Wengine wakatokea mashariki na farasi. Mfalme yuko mbali, akisikia mwano, yowe la kuomba msaada, umepigwa, mpaka afike na askari wake ni majivu tu. Ni kama sisi na kituo cha polisi. Sasa mkulima afanye nini? Anamwendea mtu mwenye nguvu wa jirani, mwenye farasi na ukuta. Anakwenda kwa miguu yake mwenyewe! Anasema nilinde. Yule anasema sawa, nipe shamba lako. Anampa. Yule anamrudishia hapo hapo: haya, endelea kulima, ila sasa ni langu, unalitumia kwa sababu nimependa.

Na unajua walikubaliana vipi? Mkulima mkubwa au askari anapiga magoti. Anaunganisha viganja. Mwenzake anaviweka katikati ya viganja vyake. Anasema mimi ni mtu wako.

ELIA!

Nimelisoma hilo mara nyingi mpaka Madam akauliza kama naumwa. Nikamwonyesha barua yako (sehemu hiyo tu). Akasema kwao Bukoba babu yake alilima migomba aliyoipanda mwenyewe, lakini shamba lilikuwa la mwenye nyarubanja, yaani bwana wa ardhi wa kule, na kila mavuno alipeleka fungu. Ilikuja kufutwa na serikali. "Babu alisema mtu wa kwanza kuliingiza shamba lile chini ya bwana alikuwa baba yake," akaniambia, "na aliliingiza akishukuru."

Umeona? Akishukuru! Ubaya siyo kwamba Mwikwabe anatudanganya juu ya ulinzi. Anatulinda kweli. Hapo ndipo tunaponasa. Mkulima wa kwanza anarudishiwa shamba kwa wema, mwanawe analipata kwa mazoea, mjukuu anaambiwa hata kuoa aombe ruhusa.

Sasa swali, na unijibu hili kabla ya kunitukana. Baba anasema bonde linatolewa kwa Mwikwabe kwa sababu wewe umeshakubali. Anasema Mwikwabe kamwambia: "Kijana wako ameridhia, bado wewe tu." Umekubali, Elia? Lile bonde la nyumba ya mama, umelitoa?

Mokami


Machochwe,
2 Machi 2025

Mokami,

Mimi?

Mimi niliambiwa baba ameshakubali. Mzee aliniambia hapa hapa, tunanywesha ng'ombe: "Baba yako amelitoa bonde, ni mtu mwenye akili." Nikasema kama baba amesema, mimi ni nani. Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote. Kama huko kwenu hayo ni kuridhia, basi nimeridhia bila kujua.

Labda Mzee alichanganya. Ana mambo mengi.

Nisikilize vilevile. Kitabu chako kinasema jinsi walivyoingia. Kinasema wafanye nini wasipoingia? Wale waliokataa kupiga magoti, wezi waliwafanya nini? Sijaona umeandika hilo. Mkono wangu bado haukunji vizuri, na mimi nilikuwa na wenzangu na mbwa na taa. Baba ana kigogo na wewe una kamusi.

Nimeomba ruhusa nije nyumbani tuongee. Nimeambiwa mvua ikipita.

Elia

Barua hii nimempa Filemoni porini, siyo mbele ya watu. Usiulize.


Itiryo,
9 Machi 2025

Kaka Elia,

"Mvua ikipita." Mvua haijaanza hata!

Umeuliza swali zuri, na limeninyima raha. Nimetafuta. Wengi waliokataa waliumia, sitakuficha. Lakini kuna sehemu, milimani, na mabwawani kule pwani, watu walikataa kuwa na bwana, wakashikana wao kwa wao, wakaapa kila mmoja kwa mwenzake badala ya wote kuapa kwa mmoja. Wamepewa mistari mitatu tu! Ukurasa mzima ni wa farasi, wao mistari mitatu. Nimekasirika nikafunga kitabu.

Halafu nikaamka nikaenda kwa kina Benedicto. Yeye hajaingiza bonde lake kwa Mwikwabe bado. Wala mjane Lilian. Nikawaambia tufanye zizi moja, zamu kila nyumba. Benedicto akacheka mpaka akakohoa. "Wewe msichana, na wewe utalinda?" Nikamwambia, "Macho ninayo mawili, na kupiga mwano najua kuliko wewe, maana sina kikohozi." Lilian akasema, "Huyu aolewe haraka, atatumaliza." Lakini hakusema hapana.

Mwikwabe amesikia. Jana kaja nyumbani na kofia yake, akakaa kwenye kiti cha baba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza mtihani lini. Ni mtu mwenye adabu, ndiyo inayoniudhi.

Akamwambia baba, "Heche, Jumamosi kwenye baraza la iritongo, mbele ya wazee, tumalize."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bonde ni la nyumba yangu."

"Ni la mume wako."

"La mume wangu ni lile la juu, lenye mawe. Hili nilikatiwa nilipoingia hapa. Mwenye kulisemea ni mwanangu wa kiume, na simwoni."

Mwikwabe akatabasamu. "Mwanao ni mtu wangu, mama. Neno lake ninalo."

Baba akaangalia miguu yake. Elia, sijawahi kumwona baba akiangalia miguu yake mbele ya mtu.

Mila unazijua kuliko mimi. Ng'ombe na ardhi ya nyumba, hata baba hawezi kuvitoa bila mtoto wa kiume wa nyumba ile. Nyumba yetu ina wewe tu. Mimi nikisimama Jumamosi nikasema, wazee wataniambia nikapike. Na usisahau, siku nikiolewa ng'ombe watakaokuja ndio wa kukuozea wewe. Unataka wakalale wapi? Wapigwe chapa ya nani?

Njoo. Sitaki barua nyingine, njoo wewe.

Mokami


Machochwe,
13 Machi 2025

Kwa Mzee Mwikwabe,

Shikamoo Mzee.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitashindwa. Ng'ombe wa zamu yangu nimewahesabu na Raphael, wote wapo, na yule mgonjwa amekunywa dawa. Tochi na koti la mvua nimeviacha kwenye banda. Simu yangu ibaki.

Nakushukuru kwa mkono wangu. Ulikaa kwenye benchi, sitasahau. Nilipopiga magoti nilikuwa nasema kweli.

Lakini nilikupa mimi. Sikukupa bonde, na sikukupa mama yangu. Ulimwambia baba nimekubali, ukaniambia mimi baba amekubali, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekubali. Mzee, wewe huchanganyi mambo. Unamjua kila ndama wako kwa rangi.

Niliomba ruhusa, hukunipa. Safari hii sijaomba.

Elia Heche


Itiryo,
18 Machi 2025

Kwa Elia, mwana wa Heche,

Umeondoka kazini kama mwizi, halafu Jumamosi ukasimama mbele ya iritongo na vumbi la safari miguuni, ukasema bonde ni la nyumba ya mama yako na hujalitoa. Wazee wamekusikia. Baba yako alipoulizwa akasema, "Mtoto amesema." Benedicto naye akapata ulimi. Sawa. Sigombani na mila, mimi mwenyewe ni Mkurya.

Ng'ombe wenu nimewarudisha wote. Chapa yangu haifutiki, mtaizoea.

Nilipokuwa kijana kama wewe, waliuawa kaka zangu wawili kwenye zizi la baba. Hakuna aliyekuja. Ndipo nikasema nitajenga zizi ambalo watu watalikimbilia. Sikumwita mtu. Mlikuja wenyewe. Dada yako anayesoma mwambie hilo nalo aliandike. Na mwambie kitabu hakibweki.

Msinipigie simu wakija. Siyo hasira, ni utaratibu: nawalinda watu wangu.

Mlango wangu uko wazi. Ila ukirudi, hutarudi kama ulivyokuja mara ya kwanza. Na bonde litatangulia mbele yako.

Mwikwabe


Itiryo,
6 Aprili 2025

Kwa Mzee Mwikwabe,

Shikamoo.

Barua yako ilikuwa ya Elia, lakini amelala, alikuwa zamu, na mkono unamsumbua akiandika. Najibu mimi. Amenipa ruhusa, ingawa sikumwomba.

Kwanza, pole kwa kaka zako. Sikuwa najua. Mama alikuwa anajua, akasema walikuwa vijana wazuri. Nilikuita mwizi mwezi wa pili, kwa Elia tu, na lilikuwa kosa langu. Nalifuta.

Pili, ni kweli tulikuja wenyewe. Kitabu kinasema hivyo hivyo. Nimeandika hivyo kwenye majibu yangu ya mtihani wa majaribio na Madam amenipa alama zote. Kwa hiyo nashukuru, umenisaidia kufaulu.

Tatu, wezi walikuja. Najua umeshasikia, hakuna kisichokufikia, lakini sikia na kwetu. Walikuja Jumanne wakati mvua inapiga mabati. Zamu kwenye zizi letu la pamoja ilikuwa ya Lilian na mwanawe. Lilian alipiga mwano, mama akaupokea, nami nikaupokea, ukaenda mpaka ng'ambo ya mto. Nyumba zote zilitoka, hata Benedicto na kikohozi chake na mshale mmoja. Baba aliondoka kwenye kigogo. Alikimbia, Mzee! Tulisahau kama anaweza kukimbia.

Walichukua wanne. Tumerudisha watatu asubuhi, kule vichakani. Mmoja amekwenda. Alikuwa wetu, yule jike aliyekuwa na mimba, na mama amemlilia kama mtu. Sikufichi. Kwako asingeibiwa, hilo nalijua, na Elia amelisema kwa sauti mezani. Halafu baba akachukua panga akaenda kukata miiba ya kuongezea zizi, na Elia akamfuata.

Hatukukupigia. Hatutakupigia.

Sasa la mwisho, na hili siyo langu peke yangu, tulikaa wote tukakubaliana. Zizi ni la nyumba zote za bonde, na nyumba yako ya huku chini ipo bondeni, ile ya mke wako mdogo, ng'ombe wake wanakunywa maji yetu. Hatukuoni ukiwa juu wala chini. Kila nyumba inatoa mtu, awe mkubwa au mdogo, mwenye kofia au asiye na kofia. Hakuna kupiga magoti, unakuja tu na koti la mvua.

Yako ni Alhamisi. Umepangwa na mama yangu. Anasema usichelewe, na mbwa wako wale wakubwa uwaache nyumbani, wanatisha ndama.

Mokami Heche